Ile moja niliyoiandika kwenye mpango wa mwaka, Garissa 1993

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka sasa. Jana nimeona kijana anaomba mfano wa mpango wa mwaka kwa shirika linalohudumia watoto, watu wakamrushia majedwali kama njugu. Nikajisemea hapana, huyu asijaze kitu kabla sijamwambia yangu.

Sina picha, sina karatasi. Mkiniamini sawa, msiponiamini pia nitakula chakula changu cha jioni. Majina nimebadilisha. Chumvi sijaongeza, maana chakula chenyewe kilikuja na ya kwake.

Mimi ni Mkamba wa Kitui, mstaafu. Mwishoni mwa 1992 nilipelekwa Garissa kusimamia kituo kidogo cha watoto. Kilikuwa cha shirika moja ambalo lilishafungwa, hivyo msinitafutie jina.

Tulipokea watoto wa aina mbili. Kuna waliosubiri kesi: huyu kaiba kandambili sokoni, yule kampasua mwenzake kwa jiwe. Na kuna waliookotwa bila mtu, na mwaka ule walikuwa wengi, kwa sababu ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vita na upande wetu kulikuwa na ukame. Walikuwa wangapi sitasema. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Sasa mimi ni mtu wa jedwali. Nichekeni tu, ndivyo nilivyo. Nikiona safu zimenyooka, moyo unatulia.

Mwezi wa kumi na moja makao makuu Nairobi wakatuma fomu ya mpango wa mwaka. Kila shughuli na mstari wake, halafu safu mbili: makadirio, na halisi. Makadirio unajaza mwanzoni, halisi unajaza kila baada ya miezi mitatu.

Nikajaza vizuri. Watoto watakaofika mahakamani, watakaorudishwa kwao, blanketi, sabuni. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa vifo. Hapo nikaweka kistari.

Fomu ikarudi na alama nyekundu.

Nikampigia mkubwa wangu kwa simu ya upepo kumuuliza. Akanieleza kwa upole kwamba aliyenitangulia naye aliweka kistari. Mtoto akafariki, na kwa kuwa kifo hakikupangwa, hakukuwa na gari wala sanda. Jamaa akambeba marehemu kwa mkokoteni wa punda, mchana, mji mzima unatazama.

"Weka hata moja," akasema. "Isipotokea, tutashukuru."

Hakuwa mtu mbaya. Kwa akili ya ofisi alikuwa sahihi.

Nikarudi kwenye taipureta, nikapiga 1. Kisha nikaenda kunywa chai.

Januari mpango ukarudi umepitishwa, na agizo kwamba nakala ibandikwe mahali pa wazi. Nikaibandika barazani, pale watoto walipopanga foleni ya chakula. Wachache walijua kusoma. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Hapa niwatambulishe Habiba.

Habiba alikuwa mpishi wetu, mama wa makamo, mzaliwa wa Garissa, watu wake wafugaji waliohamia mjini zamani. Watoto walimwita Eddo, yaani shangazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, p anaitamka b, v anaitamka f, na alikisema bila kuomba radhi.

Habiba hakuwahi kuhesabu watoto. Kwao mtu hahesabiwi, wala mtoto hanyooshewi kidole kimoja kimoja. Ukihesabu, unakionyesha kifo njia. Yeye aliita majina, mmoja baada ya mwingine, na chakula kilitosha kila siku. Mimi kila asubuhi nilisimama na kidole changu, moja, mbili, tatu, na watoto wa kule walikuwa wanainamisha vichwa kidole kikiwafikia. Nilidhani ni utovu wa adabu.

Siku ya pili baada ya kubandika mpango, Habiba akaja ofisini saa nne asubuhi, mikono ina unga. Alisimama mlangoni, hakukaa.

Aliuliza karatasi ya nje inasema nini pale chini. Mtoto mmoja alikuwa amemsomea na yeye hakuamini. Nikamweleza ni makadirio, ni kubahatisha tu, Nairobi wanataka namba.

"Ni gani?" akasema.

"Ni gani nini?"

"Wewe umeandika mtoto moja atakufa. Ni gani?"

"Hakuna, Habiba. Ni namba tu."

Akapangusa unga mikononi.

"Wewe umebanga mwaka, na mwaka imesikia. Sasa itakuja kuuliza ile moja yake. Mimi ndiyo nabikia hawa watoto. Niambie ni gani, nimbe nyama kidogo zaidi kila siku."

Nilicheka, wakuu. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua kuliko zote. Nilicheka na nikamwambia arudi jikoni, mchele utaungua.

Wiki hiyo hiyo nikaona kitu chumbani.

Watoto walilala kwenye mikeka, bega kwa bega, chumba kidogo. Asubuhi moja nakagua, nikakuta karibu na mlango pameachwa nafasi tupu, upana wa mkeka mmoja. Huku na huku wamebanana, wengine wamelala ubavu, lakini pale hapana mtu.

Nikafikiri ni siafu. Nikaangalia, hakuna. Nikafikiri bati linavuja, lakini mvua yenyewe tulikuwa tunaisikia redioni. Nikaamuru mikeka isambazwe sawasawa, wakasambaza bila ubishi. Kesho yake nafasi ikarudi, mahali pale pale.

Nikawauliza nani amewaambia waache pale. Wakakunja mikeka yao wakatoka nje.

Mchana walipita kwa kuizunguka, wakienda mlangoni kwa mwendo wa kona. Mpira wa matambara ukiingia pale, mchezo uliishia hapo. Nilikuta mpira umelala katikati siku mbili, hakuna aliyeugusa.

Kilichonitoa jasho ni hiki. Alasiri moja polisi walileta mtoto kutoka Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi. Alikuwa na homa ya njia, hakusema neno na mtu, akala akalala. Asubuhi nikamkuta ametandika mkeka kando ya ile nafasi, amejikunja ukutani, ameiacha kama wenzake. Nani alimwambia, na saa ngapi, sijui.

Na wale makorongo wa Garissa, wenye vichwa vipara, wanaoshinda kwenye takataka. Aliyeishi Garissa anawajua, wapo kila mahali. Nikaanza kumwona mmoja juu ya bati letu kila asubuhi. Najua pengine alikuwepo hata zamani na macho yangu ndiyo yalikuwa yameanza kutafuta. Najua. Lakini nilianza kumtupia mawe, mtu mzima na kalamu mfukoni.

Sasa Sahra.

Sahra alikuwa na miaka kama kumi na miwili. Kabla ya fomu kuja, wafanyabiashara wa mifugo walimkuta Bura, karibu na soko, ameshika kamba ya punda. Mama yake alifia njiani wakitoka Hulugho. Hulugho iko karibu na mpaka, na Sahra hakuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo swali likawa: huyu ni mtoto wa Kenya au ni mkimbizi?

Hakimu akatupa mwaka mmoja. Tukileta ndugu wa kuapa kwamba anamjua, atarudishwa kwao. Tusipoleta, ataandikishwa kambini Hagadera na basi.

Yeye alikuwa na mjomba tu, kaka wa mama, aliyemwita abti. Alimtaja asubuhi na jioni. Kwenye mpango wangu mstari wa saba ulikuwa huo: kwenda Hulugho kumtafuta abti wa Sahra. Nilimwahidi barabara ikiruhusu nitakwenda. Ujambazi ulikuwa mwingi njia ile, na bila askari wa kutusindikiza hakuna gari lililotoka.

Ikafika Machi. Mchana mmoja baada ya adhuhuri, watoto wote wako nje kivulini, nikapita chumbani kuchukua daftari.

Sahra alikuwa amelala kwenye ile nafasi.

Ametandika mkeka wake vizuri, shuka hadi kifuani, mikono imekaa juu ya shuka. Macho wazi. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

"Ni mimi," akasema.

Nikamuuliza ni yeye nini.

"Ile moja. Wengine wako na watu, watalia. Mimi siko na mtu. Ikishanichukua hawa wataacha kuogopa."

Alisema kama mtu anayejitolea kwenda kisimani. Nilikuwa na binti wa umri ule ule nyumbani Kitui. Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Kumbe alikuwa ameshagawa vitu vyake. Kitana kampa huyu, kandambili kampa yule. Chakula alikuwa anapokea na kumpa mwenzake tangu juzi. Siku ya tatu homa ikapanda, tukamkimbiza hospitali. Daktari akapima malaria, hakuna. Akapima hiki na kile, hakuna. Akamtundikia maji, akaniandikia karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwili hauna tatizo analoliona, mtoto mwenyewe ndiye anayejizima.

Nikarudi kituoni nikaung'oa ule mpango ukutani, nikauchana mbele ya watoto. Nilitegemea watapumua. Wakatazama vipande chini, wakaviruka.

"Karatasi umetoa," Habiba akaniambia. "Maneno bado iko."

Nikapiga simu ya upepo Nairobi kuomba mstari ule ufutwe. Wakanijibu mpango ukishapitishwa haubadilishwi hadi mwaka mwingine. Nikaanza kueleza kuhusu mikeka, nikajisikia ninavyosikika, nikakata.

Basi nikamfuata Habiba jikoni. Nikamwambia, mama, mimi nimeshindwa, niambie nifanye nini. Hakunisimanga. Alisema roho imeitwa, kwa hiyo roho itoke, ila isiwe ya mtoto. Atafutwe mbuzi, achinjwe sadaka kwa ajili ya watoto wote, Kurani isomwe, na kila mtoto ale akiitwa kwa jina lake.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Miezi miwili nyuma ningemjibu kwamba fomu haina mstari wa mbuzi. Siku hiyo nilienda mwenyewe soko la mifugo.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Maalim wa mtaani alikuja akasoma. Sahra tulimtoa hospitali kwa masaa machache, Habiba akambeba mgongoni mwenyewe, akamweka kwenye mkeka barazani. Alikuwa mwepesi, shingo haimsimami.

Habiba akaanza kugawa. Anaita jina kamili, la mtoto, la baba, la babu. Mtoto anaitika, anapewa pande lake mkononi, anakula mbele yake, ndipo anaita mwingine. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilisimama kando na mikono nyuma, nimeficha vidole.

Sahra alikuwa wa mwisho.

Habiba akaita jina lake, la baba yake, la babu yake. Kimya. Akaita tena kwa sauti ile ile, bila haraka. Kimya. Watoto wote wamegeuka. Juu ya bati nilisikia kucha za lile korongo zikikwaruza, na huo si mchezo wa macho, kila mtu alisikia.

Akaita mara ya tatu.

"Haa, eddo," Sahra akajibu. Ndiyo, shangazi.

Alikula ini, mapande matatu madogo. Nililia waziwazi, na sioni haya kuandika.

Asubuhi yake nikaenda chumbani kabla ya kunawa uso. Mikeka ilikuwa imesambaa sawasawa hadi mlangoni. Mtoto mmoja alikuwa anakoroma pale pale penye nafasi.

Sasa sikilizeni, maana kosa langu kubwa lilikuwa bado.

Mwisho wa Machi ni ripoti ya miezi mitatu, safu ya halisi. Nilipofika mstari wa vifo nikataka kuandika sifuri. Habiba akaniuliza: ukiandika haijakuja, si itabaki inangojwa hadi mwaka iishe? Andika imekuja, ufunge mlango.

Nikaona ana hoja. Mbuzi alikufa, roho moja ilitoka, hesabu imetimia. Nikapiga 1 kwenye halisi, nikakaa nyuma nikajiona mjanja. Jedwali limekubali, watoto wako salama. Nikaweka ripoti kwenye bahasha, na kwa kuwa ni mtu wa mpangilio, nikaambatisha na ile karatasi ya hospitali ya Sahra iende kwenye faili lake.

Bahasha moja, wakuu.

Mvua zilipopungua, barabara ikafunguka, nikapata askari nikaenda Hulugho. Abti nikampata siku ya pili, mzee mwembamba, ndevu nyekundu za hina. Alikuwa amemwombolezea Sahra pamoja na mama yake. Alipoelewa ninachosema alinishika kichwa kwa mikono miwili na hakuniachia. Akaja Garissa, akaapa mbele ya hakimu, akaondoka na mtoto wake. Mstari wa saba nikautia alama. Sijawahi kutia alama tamu kama ile.

Miaka ikapita. Shirika likafungwa, nikapata kazi ofisi nyingine pale pale mjini. Habiba akahamia Wajir kwa binti yake.

Mwaka 1999 mwanamke kijana, mrefu, amejistiri, akaingia ofisini kwangu. Akauliza kama ninamjua. Nikasema hapana.

"Mimi ni wa bale karibu na mlango," akasema.

Nikasimama. Nikamuuliza habari za abti, habari za Hulugho. Akajibu vizuri.

"Nilienda kuchukua kipande. Wamesema nimekufa."

Aliyetoka kule anajua kipande ni nini kwa Msomali wa Kenya. Bila kitambulisho kile kila kizuizi cha barabara ni kesi, shule ni mlango uliofungwa, na wewe ni mgeni kwenye ardhi ya babu yako. Abti alikuwa ameapa bure.

Tulienda pamoja usajili. Kijana wa pale, mpole, akatufungulia kitabu. Shirika lilipofungwa lilikabidhi orodha zake serikalini, na Nairobi walikuwa wameshazipanga. Walikuwa na kifo kimoja Garissa robo ya kwanza ya 1993 bila jina. Walikuwa na karatasi moja ya hospitali kwenye bahasha hiyo hiyo. Wakaunganisha. Hata mimi ningeunganisha.

Nikamweleza yule kijana kwamba ni kosa, kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwamba huyu ndiye Sahra na anapumua. Akasikiliza mpaka mwisho. Akachukua rula na kalamu. Kisha akaniuliza:

"Sawa mzee. Kama si huyu, ni nani?"

Miaka sita, na swali ni lile lile la Habiba mlangoni.

Nikasema hakuna. Akasema hapana, jumla imeshafungwa na kutiwa sahihi na wakubwa, jina naweza kulitoa, moja siwezi kuitoa. Ikabidi nimwambie kuhusu mbuzi. Hakucheka. Alikuwa kijana wa huko huko, akamtazama Sahra, akasoma kitu kimya kimya midomoni.

Akakata jina kwa mstari mmoja. Akatia sahihi, nikatia yangu. Mahali pa jina hakuandika kitu.

Sahra alipata kipande chake baada ya miezi mingi ya nenda rudi. Ni mama sasa. Hunitumia salamu kila Idi, na hajawahi kuniambia ana watoto wangapi, wala mimi sijawahi kuuliza.

Lakini mstari ule upo. Garissa, Machi 1993, mtoto mmoja, na mahali pa jina papo wazi. Nafasi ile ile, wakuu, niliyoikuta karibu na mlango. Nimestaafu, nywele zimeisha, na bado ninaiwaza, kwa sababu mimi ndiye niliyeitandika.

Kijana uliyeomba mfano wa jedwali, funzo langu ni hili. Gari panga. Sanda panga, kwa jina la sanda. Mtoto mwandike kwa jina lake, na kama huna jina la kuandika, acha kistari chako na ukubali kugombezwa.

Mliofanya kazi hizi, mahakama za watoto, vituo, makambi, karibuni mchangie. Nina swali moja tu kwenu, na sitawabishia mkinijibu: mstari ule wa chini kabisa, nyinyi huwa mnaandika nini?